Wifi, Mlango Nimeuvika Nailoni

Wifi yangu Mwanakheri,

Mwalimu wetu wa ngumbaru anasema barua huanza kwa kumuuliza mtu hali yake. Yako siulizi. Mwenyewe nilikuosha, mwenyewe nilikufunga kidevu, nikaona umenyamaza kweli, na wewe kunyamaza hukujua hata siku ile ulipoumwa na nge. Hali yako naijua. Ya kwetu ndiyo nataka kukupa. Mimi mzima, goti ni lilelile. Mjukuu wako Mwantumu mzima, meno ya mbele yamedondoka yote, akicheka anafanana na wewe mpaka naona haya kumgombeza. Na ule mlango wa wavu tumeutengeneza.

Usicheke mwandiko wangu. Nilikuomba twende wote darasani, ukaniambia, "Nenda wewe, mimi nikitaka kumtukana mtu namfuata kwake." Basi nikaenda peke yangu, uzee huu, kalamu naishika kama mwiko. Barua hii naiandika mstari leo, mstari kesho, wateja wakishaondoka na vikombe vikishaoshwa. Wewe kusoma hukujua, na sidhani kama huko wanafundisha. Nitakuja kukusomea mwenyewe hapo ulipolala, kwa sauti, na wanaopita waseme Bi Tatu kaingiwa na wazimu. Waseme.

Jambo lenyewe ni Mwantumu. Rajabu alitaka kumchukua.

Subiri, usianze kufoka. Ni mwanao, na ni baba yake mtoto. Alikuletea Mwantumu akiwa wa kubebwa, mama yake alipoolewa kwingine, kwa sababu yeye na kazi yake ya bandarini Dar angemlea vipi? Ulimlea wewe, nikakusaidia. Sasa wewe umeondoka, na kile kifua cha mtoto cha kubana hakikuondoka nawe. Ndipo Rajabu akaona hapa Msata hapamfai tena mwanawe. Na ubaya wake, wifi, siku aliyoyasema hayo alikuwa na haki ya kuyasema.

Nakumbuka wapima barabara walivyotuachia lile tela. Ulikuwa unawapikia, mimi nakuoshea masufuria, na ile nyumba yao ya bati yenye magurudumu ikavunjika chuma cha katikati, kuivuta wasiweze. Bwana wao mkubwa akakwambia, "Mama Rajabu, chukua." Ukachukua kama mtu anayepokea bakuli la uji. Wanaume wa pale stendi wakatucheka, wajane wawili ndani ya kopo. Yule kibogoyo wa kuuza machungwa akauliza tunasafiri lini, nawe ukamjibu papo hapo, "Tunasubiri dereva mwenye meno." Tangu siku hiyo akawa mteja wetu, chai kila asubuhi, mkate anauchovya.

Na tela lile lilikuwa na milango miwili kwenye tundu moja, hilo ndilo lililotusumbua miaka yote. Ule wa bati ukifungwa, ndani giza na joto la tanuri, Mwantumu anajishika koo. Ukiuacha ule wa wavu peke yake, hewa tele, lakini kila lori linalotoka Segera linatuletea udongo wake mpaka ndani ya chungu. Kusi likivuma ndiyo usiseme. Wewe ndiye uliyesema kwanza tutafute ile nailoni ngumu inayoonyesha, ile anayouza Mhindi wa Bagamoyo ya kutandika juu ya vitambaa vya meza, tuivike juu ya wavu. Mwanga uingie, vumbi libaki huko huko barabarani. Nikakwambia mlango si meza. Ukaniambia na mimi si fundi. Tukaliacha hapo, tukaliokota tena mwaka uliofuata, tukaliacha. Raha tuliyoipata kwa kubishana ilikuwa kubwa kuliko hamu ya kuutengeneza.

Sasa nikwambie ya siku ya mazishi yako, maana hukuyaona.

Maganga alikuja. Mtani wetu, Mnyamwezi yule seremala. Asingekuja ungemfufukia. Alichimba kaburi na wenzake, akarudi, akaomba kanga yako ya kahawia, akajitanda, akakaa kwenye kizingiti cha tela na birika mkononi, akawa wewe. Sauti yako ileile. "Njooni, chai ya jana leo imekomaa! Asiye na kikombe akinge kiganja! We mwenye miguu ya korongo, funga mlango, nzi wangu hawajamaliza kula!" Watu walicheka huku kamasi zinawatoka. Hata shehe niliona ndevu zinatikisika.

Mimi sikucheka. Sijui kwa nini. Utani naujua, nimekulia ndani yake, misiba ya kwao nimekwenda kufanya mabaya zaidi. Lakini ile sauti, wifi. Alikuwa anaipatia mno.

Kisha akasimama, akang'oa mlango wa wavu kwenye bawaba zake, akaubeba kichwani. "Huu ndio aliokuwa akiupigia kelele kila siku ya Mungu. Naukamata. Anayeutaka aje na jogoo." Desturi unaijua, unamtolea jogoo wake palepale, mnacheka, mambo yanakwisha. Mimi nikasema, "Chukua. Kaa nao. Lala nao." Akaduwaa kidogo, akadhani natania, akaondoka nao. Na mtani akishachukua kitu cha msiba hawezi kukirudisha bila kukombolewa, na mimi nilikuwa nimekataa katakata.

Kwa hiyo tela likakaa bila wavu. Nikatundika mkeka. Mkeka gani utazuia vumbi la lori? Mwantumu akaanza kukohoa, kile kikohozi chake cha kuvuta hewa kama mtu anayenyonya mfupa, mbavu zinaingia ndani. Rajabu alikuwa amebaki nasi mpaka hitima isomwe. Akakaa naye mapajani, akamsugua mgongo, hakunipigia kelele. Ni mpole, amemchukua kaka yako, marehemu mume wangu. Akaniambia tu, "Mama, hapa mtoto atakufa. Arobaini ikipita nakuja kumchukua."

Nikamuuliza, "Dar hakuna vumbi?"

Akasema, "Kuna milango, mama."

Wifi, mtu anaweza kukuchapa kibao akakuumiza kidogo kuliko hilo. Nikamwambia basi, njoo hiyo arobaini, lakini usije kama mgeni wa kusalimia. Shuka kwenye basi la asubuhi, ukae humu ndani kutwa nzima, malori yapite, upepo uvume, upande la jioni. Akikohoa namna hii nitamfungia nguo zake mwenyewe, na sitakulilia. Akafikiri. Akasema sawa. Ni mtu wa neno lake, ndiyo maana niliogopa.

Asubuhi yake nikamkamata jogoo wako. Yule mwenye kichaa, anayedonoa miguu ya wateja. Nikamfunga miguu, nikamfuata Maganga kwenye banda lake la seremala.

Akamtazama jogoo, jogoo akamtazama. "Bi Tatu, nilitaka kitoweo, umeniletea askari."

"Si ulisema jogoo? Hukusema mwenye tabia njema."

"Na huyu atachinjwa na nani?"

"Shauri yako. Nipe mlango."

Akautoa nyuma ya mbao. Wavu umetoboka upande wa chini, tundu la kupita kichwa cha mtoto. Nikamtumbulia macho. Akasema mbuzi wake alipitisha mguu, na kwa kuwa mbuzi ni Mnyamwezi, hawezi kushtakiwa na Mkwere. Hapo nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye maranda, na nilipokaa ndipo nikalia, na Maganga akageuka akajifanya anatafuta randa. Alikupenda sana yule mtu. Mimi nilimnyima kucheka kwake siku ya msiba, na sikuwa na haki hiyo.

Nikamweleza habari ya nailoni, wazo lako, nikasema ni lako. Akakuna kichwa. Akasema tukiupigilia mlango mzima nailoni, adhuhuri tutaiva humo ndani kama mihogo. Nikamwambia ndiyo maana naitaka vipande viwili, cha juu na cha chini, kila kimoja kwenye fremu yake ya ubao mwembamba, zipachikwe kwa ndani na ziweze kutoka. Cha chini kikae, maana vumbi la magurudumu linapiga chini. Cha juu tukitoe barabara ikitulia, tupate hewa, lori likisikika tukirudishe. Akaenda akatengeneza vibao vidogo kama ndimi, akavipigilia mlangoni pembeni mwa fremu, kila kimoja msumari mmoja katikati. Ukikizungusha kinabana fremu, ukikizungusha tena kinaiachia. Mwantumu anaviweza. Maganga pia aliuziba wavu pale kwenye tundu, na nzi hapati njia.

Nikapanda basi mpaka Bagamoyo. Yule Mhindi akaniuliza nina meza ngapi. Nikamwambia sina meza, nina mlango. Akamwita mkewe aje anione. Mkewe akasema hata yeye angetaka mlango kama huo jikoni, mumewe akaacha kucheka.

Mara ya kwanza Maganga aliipigilia nailoni moja kwa moja kwenye ubao. Kusi likaipiga siku moja tu, ikachanika kila palipo na msumari, kama kanga iliyonasa kwenye miiba. Nikakaa nikaitazama. Nailoni hainyumbuki, wifi. Inataka kitu kinachonyumbuka cha kuishika. Ndipo nikakumbuka lile pindi la ukili nyuma ya mtungi, ule uliokuwa unausuka kwa mkeka wa Mwantumu, kwa majani ya miyaa uliyoletewa kutoka Mlingotini. Vitu vyako vingine tuligawa. Ukili ambao haujawa mkeka hakuna aliyeutaka.

Nikanyoosha miguu, nikachukua shazia, ile sindano yako ya mikeka, nikaushona ukili kuzunguka nailoni pande zote, mara mbili, mbele na nyuma, kama unavyotia taraza ukingoni mwa mkeka. Misumari ikapita kwenye ukili, nailoni haikuguswa. Mpaka leo haijachanika.

Lakini nilipokuwa nashona, mkono wangu ulikuwa unakufuata. Mwanzoni umesuka umekaza, hata ncha ya shazia inapita kwa taabu. Kisha kidogo kidogo ukili unalegea. Mwishoni umelegea kabisa, jani moja limekosewa njia, na wewe jani hukukosea tangu usichana wako. Nikajua hizo ndizo siku mkono ulikuwa unatetemeka. Na sisi ulitwambia ni uchovu wa masika. Mwanakheri. Ungesema. Ungesema tu, nisingekufanyia lolote la maana, lakini birika lile zito ningelibeba mimi.

Basi. Niliunyoosha ule uliolegea, nikauweka upande wa juu, usikopigwa sana na upepo.

Sasa sikiliza upumbavu wangu, maana najua unausubiri. Nailoni ilikuwa na mistari myeupe palipokunjwa dukani. Nikasema, kitu gani kinang'arisha kila kitu? Nywele, ngozi, mbao, chuma cha cherehani. Nikachukua mafuta ya nazi, nikaipaka mbele na nyuma, nikaisugua kwa moyo wote. Ikang'aa! Wallahi ulikuwa unaona barabara kama umesimama katikati yake. Nikamwita Maganga, nikawaita wauza machungwa, nikajisifu. Yakapita malori ya mbao, moja, la pili, msururu wao. Mafuta na lile vumbi jekundu vikakumbatiana. Alasiri mlango ulikuwa ukuta wa udongo, unafaa kupigwa chokaa. Abiria wa basi wakaona giza, wakadhani tumefunga, wakaenda kunywa chai kwa yule mama wa upande wa pili ambaye wewe hukutaka hata jina lake litajwe. Mwantumu alikuwa anachora ng'ombe kwa kidole. Maganga akapita akasema, "Mmeshazikwa huko ndani, au bado mnaishi?"

Nikaiosha kwa majivu, likawa kosa juu ya kosa, ikakwaruzika. Kile kipande cha chini mpaka leo kina ukungu kama jicho lenye mtoto wa jicho. Sasa naosha kwa maji na sabuni kidogo na kitambaa laini, na mafuta ya nazi yamerudi kichwani kwangu yanakohusika. Jiko nimelihamishia nje nyuma ya tela, moshi usije ukafanya kazi ya vumbi.

Arobaini yako ikasomwa vizuri, wali ulitosha. Na kesho yake Rajabu, aliyekuwa amelala kwa shehe, akaja pamoja na abiria wa basi la asubuhi, kama tulivyosemezana. Mkononi ana viatu vipya vya mtoto. Shikamoo, marahaba, akakaa kwenye kigoda chako. Viatu akaviweka mlangoni, vikakaa pale kutwa vinanitazama.

Kusi lilivuma siku ile kama limelipwa. Nikauza chai. Lori likija, Mwantumu anakimbia, anapachika kipande cha juu, anazungusha vibao, anarudi kwenye mchezo wake wa mabua. Likipita, anakitoa. Hakufundishwa kujionyesha, anafanya hivyo kila siku. Rajabu akawa anamfuata kwa macho. Baadaye akapitisha kidole chini kwenye mkeka, akakitazama. Akapitisha kwenye mfuniko wa mtungi, akakitazama. Mimi nakunja chapati, jicho langu kwenye kidole chake.

Mara mtoto akakohoa.

Wifi, nilisimama na unga mikononi. Rajabu naye akasimama. Mtoto akakohoa tena, machozi yanamtoka, tukamkimbilia wote wawili tukagongana mabega. Akatema kipande cha karanga, akatutazama kama sisi ndio wagonjwa. "Karanga, bibi." Kisha akacheka na pengo lake.

Baada ya adhuhuri akalala. Nikaweka kipande cha juu, mwanga ukamwangukia tumboni, tukawa tunaliona tumbo linapanda na kushuka taratibu, bila mluzi. Malori yanapita.

Halafu Rajabu akasema, "Mama, si vumbi tu." Akasema chumbani kwake Dar kumekuwa kimya tangu wewe ufariki. Zamani hata akiwa peke yake alijua uko Msata unagombana na mtu. Sasa anarudi kazini, anakaa kitandani, hajui awaze nini. Alidhani Mwantumu akiwepo kutakuwa na uhai kidogo.

Unanijua, sina ulimi wa kubembeleza. Nikamwambia, "Mtoto si taa, uje umtwae uwashe chumbani kwako." Akainamisha kichwa. Na mimi pale pale nikaona nimejisema mwenyewe. Kwani mimi namtaka wa nini? Nani ananiamsha alfajiri sasa, nani namfokea? Ningemwambia Rajabu ni kwa ajili ya kifua cha mtoto tu, ningekuwa namdanganya mwanao mbele ya kigoda chako.

Kwa hiyo nikamwambia yote. Kwamba na mimi naogopa kimya. Kwamba hapa ana hewa, ana shule ya kuanza karibu, na mlango unafanya kazi amejionea. Kwamba aje kila mwezi, asije kwa hofu, aje mtoto amzoee, amjue baba yake ananukaje. Na siku kifua kikiushinda mlango huu na mikono yangu, sitangoja aje, nitampeleka mwenyewe. Akaniuliza, "Utasema kweli, mama? Hutaficha kama alivyoficha mama?" Nikamwambia sitaficha.

Akalia kidogo, akanywa chai. Akasema basi abaki.

Viatu alimvalisha mwenyewe. Vinapwaya, nimetia pamba.

Basi la jioni lilipopiga honi, akatoka, akafunga mlango nyuma yake polepole. Kipande cha juu kilikuwa mahali pake. Mwantumu akapanda juu ya kigoda, akabandika pua kwenye nailoni ikawa bapa kama ya bundi, akapunga mkono. Zamani, na ule wavu mtupu, vumbi la basi lilitufukuza mlangoni, mtu wa nje alikuwa haoni kitu ila weusi, ungeaga mpaka uchoke na anayeondoka asijue. Rajabu aligeuka akaona vyote, pua, pengo, viganja. Akasimama pale barabarani mpaka kondakta akamwita mara mbili.

Kwaheri, wifi yangu. Mwenyezi Mungu akulaze mahali palipo na hewa. Niliyomwahidi mwanao nakuahidi na wewe, maana kwako ndiko nitakakoulizwa. Mwantumu nitamtunza. Na ikifika siku anabanwa nami nimeshindwa, nitambeba mgongoni, hata kama miguu yake itakuwa inaburuta chini, nimpandishe basi, nimpeleke Dar nimkabidhi kwa baba yake kwa mikono yangu hii. Kisha nirudi Msata peke yangu, niwashe jiko.

Mimi wifi yako,
Tatu